Komeo la Bunduki na Komeo la Mlango

Mkulima wa Kanja, katika Embu, alipofunga ghala lake jioni alisukuma komeo la chuma, akaenda zake kulala. Katika miaka iliyofuata tarehe 20 Oktoba, 1952, siku ilipotangazwa Hali ya Hatari katika Kenya, komeo la namna hiyo hiyo liliingia vitani. Katika miteremko ya Mlima Kenya, tangu Embu hata Meru, askari wa Serikali walikuwa na bunduki ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield, ambayo hufunguliwa na kufungwa kwa komeo lake maalum. Wengi wa wapiganaji wa msituni walikuwa na bunduki za kujitengenezea, ambazo komeo lake lilikuwa lile la mlango. Ili msomaji aone tofauti ilivyokuwa kubwa, yafaa kwanza kuieleza ile ya Kiingereza.

Bunduki ya Lee-Enfield ilikuwa silaha ya askari wa King's African Rifles, yaani Keya, kwa miaka mingi. Uzito wake ni kama kilo nne, na magazini yake huchukua risasi kumi, hali Mauser ya Wajerumani ya mwaka 1898 ilichukua tano tu. Kanuni za jeshi la Uingereza za kabla ya vita vya 1914 zilimtaka askari apige risasi kumi na tano za kulenga kwa dakika moja, shabaha ikiwa mbali yadi 300. Hiyo ni risasi moja kila sekunde nne, na katika dakika hiyo hiyo ilimpasa kujaza magazini tena.

Watu wengi hudhani kwamba siri ya jambo hili ni mkono mwepesi. Sivyo. Mkono wenye pupa huiyumbisha bunduki, na risasi zikaenda mitini. Siri ya kwanza ni kutoondoa kitako begani. Mwanafunzi asiyejua, akiisha kupiga, huteremsha bunduki ili aone komeo kwa macho, kisha huipandisha na kuanza kutafuta shabaha upya. Aliyefundishwa vema huiacha pale pale. Shavu halihami ila kidogo, jicho hubaki mbele, na mkono wa kuume peke yake ndio ufanyao kazi: kuinua, kuvuta, kusukuma, kulaza.

Bunduki yenyewe ilimsaidia. Komeo la Mauser huinuliwa robo nzima ya duara, lakini la Lee-Enfield huinuliwa sudusi tu, na safari yake ya kurudi nyuma ni fupi. Tena kamani yake hukazwa wakati wa kusukuma mbele, si wakati wa kuinua. Kwa hiyo komeo huinuka bila nguvu nyingi hata bunduki ikiwa imepata moto. Mkono wake umekaa karibu na kifyatulio, hivi kwamba kidole hakina mbali pa kwenda.

Siri ya pili ni ya kujaza, na hapo ndipo hodari wengi walipoaibika. Risasi hutiwa tano tano, zikiwa zimeshikwa na kibanio chembamba cha chuma. Askari hukisimamisha kibanio juu ya magazini, akazisukuma risasi zote tano kwa dole gumba kwa mkupuo mmoja, kisha akakitupa. Lakini ganda la risasi hizo lina ukingo uliotokeza nyuma yake. Ukingo wa risasi ya juu sharti uwe mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ikiwa umekaa nyuma, komeo likisukuma ya juu huiburuta na ya chini, na bunduki hukwama. Askari aliyepanga vibanio vyake kwa makini kambini, asubuhi, akiwa na nafasi, alikuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi ya ile dakika moja.

Sasa tuitazame ile bunduki ya msituni. Mtutu wake mara nyingi ulikuwa bomba la maji, na kilichosukuma komeo kwenye risasi kilikuwa mpira uliokatwa katika tairi la ndani. Ilipokea risasi moja tu. Ganda likikwama, mwenyewe hana budi kulisukuma kwa kijiti, na kama bomba halikuwa imara lilipasuka mikononi mwake. Mtu mwenye silaha kama hiyo hawezi kusimama kushindana na mwenye risasi kumi. Ilimbidi avizie karibu, apige mara moja, na kutoweka mianzini. Wengine husema huo ulikuwa ujanja wa kuzaliwa nao. Labda, lakini yule mpira ulikuwa umekwisha kuwaamulia.

Walikuwako msituni watu walioijua vema Lee-Enfield. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, aliingia Keya mwaka 1942, akapigana na Wajapani Burma, na baadaye akawaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Huko Burma askari alipomaliza risasi aliletewa nyingine. Mlimani hazikuwako za kuletewa: kila moja ilinyang'anywa, iliibwa, au ilinunuliwa kwa siri. Risasi kumi na tano, ambazo mwanafunzi wa jeshi huzimaliza kwa dakika moja akijifunza, kwa kikosi cha msituni zilikuwa akiba ya siku nyingi. Hivyo hata mwenye bunduki nzuri ya adui alipiga moja, akangoja.

Itote alijeruhiwa akakamatwa tarehe 15 Januari, 1954. Alishitakiwa Nyeri, akahukumiwa kunyongwa, ingawa hukumu hiyo ilibadilishwa baadaye naye akafunguliwa mwaka 1962. Kati ya makosa aliyosomewa mahakamani, mojawapo lilikuwa kupatikana na risasi.