Mpiga picha wa Kasulu, kabla ya kubadili kamera angalia lenzi

Harusi na kipaimara zikifuatana Kasulu, wapiga picha wengi huanza kuwaza kamera mpya. Kabla hujatuma hela Kariakoo, jiulize: kinachokukwamisha ni nini hasa?

Picha za ukumbini zina giza?
Huenda tatizo ni lenzi. Ile ya 18-55mm inayokuja na Canon nyingi, ukiivuta hadi mwisho, inafunguka f/5.6 tu. Canon 50mm f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara 9 ya huo, na ni kati ya lenzi za bei nafuu kabisa za Canon. Angalizo: haivuti. Kwenye chumba kidogo, ukoo mzima hautaenea kwenye picha.

Wateja wanataka video?
Hapo badili kamera yenyewe. Canon 600D ya mwaka 2011, ukirekodi Full HD, inaacha kurekodi faili likifika GB 4, yaani kama dakika 12. Usipokuwa makini, hotuba ya baba mzazi inakatika katikati. Lenzi zako za EF usiziuze, zinaingia kwenye Canon mpya za R kwa adapta.

Unachukua used?
Uliza imeshapiga picha ngapi. Shata ya 600D ilitengenezwa kuhimili takriban picha 100,000. Piga ukuta mweupe, halafu kuza picha utafute madoa.

Chenji ikibaki, ongeza betri na memori kadi. Harusi hairudiwi kwa sababu chaji imekata.