Tango kwa Klarineti ya Mpingo

Klarineti za wapigaji mahiri duniani huchongwa kwa mpingo, na mpingo huo kwa kiasi kikubwa hutoka katika misitu ya miombo ya Mtwara, Lindi na Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mti huu hukua polepole mno: hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kinachotakiwa ni kiini chake cheusi, kizito kiasi cha kuzama majini, kisichoyumbishwa kwa urahisi na unyevu wa pumzi ya mpulizaji. Gogo hupasuliwa vipande vya mraba, ncha hupakwa nta zisipate nyufa, kisha vipande huachwa vikauke kwa muda mrefu. Vingi huishia kutupwa kwa sababu ya nyufa, mafundo na uozo wa ndani unaoletwa na moto wa porini. Mwaka 2009, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, hatua iliyoonyesha kwamba wanakijiji wanaweza kuuza mpingo bila kuumaliza.

Tango ilizaliwa mbali na misitu hiyo, katika miji ya Buenos Aires na Montevideo, mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo pwani ya Afrika Mashariki haikosi sehemu yake. Miongoni mwa watumwa walioshushwa Montevideo walikuwamo waliopakiwa melini Msumbiji, na candombe, ngoma ya Waafrika wa huko, huhesabiwa kati ya mizizi ya tango. Vikundi vya mwanzo vilipiga filimbi, fidla na gitaa, na klarineti nayo ilisikika. Baadaye bandoneoni, ala ya viriba iliyo jamaa ya akodiani, ikashika usukani, na klarineti ikasukumwa kando. Ndiyo maana mpulizaji anayetafuta nota za tango zilizoandikwa kwa ajili ya ala yake huambulia chache.

Njia iliyo bora ni kutafuta nota za fidla au filimbi. Sauti ya chini kabisa ya fidla ni G, na klarineti hushuka zaidi, hadi D iliyo chini ya G hiyo, kwa hiyo hakuna nota ya chini itakayokosekana. Shida huja juu, ambako fidla hupanda kwa urahisi na klarineti huanza kulia kwa ukali. Huko ni busara kushusha kifungu kwa oktavu moja.

Jambo la pili ni ufunguo. Klarineti ya kawaida, ile ya B flati, ikipiga C hutoa sauti ya B flati, yaani toni moja chini ya iliyoandikwa. Akipiga peke yake, mpulizaji asome karatasi ya fidla kama ilivyo. Wimbo utashuka tu. Akiwa na gitaa au kinanda, lazima kila nota ipandishwe toni moja: wimbo wa C uandikwe D, wa G uandikwe A. Hapa mwanakwaya wa Masasi au Ndanda aliyelelewa na solfa ana faida kubwa, kwa maana solfa haifungwi na ufunguo mmoja. Akiiandika melodi kwa d, r, m, ataipiga kutoka nota yoyote anayotaka.

Kwa mazoezi ya peke yake, hakuna kinachozidi Tango-Études za mtunzi Astor Piazzolla, vipande sita vilivyochapishwa 1987 kwa ajili ya filimbi au fidla. Histoire du Tango, aliyoitunga katikati ya miaka ya 1980 kwa filimbi na gitaa, humpitisha msikilizaji katika tango ya 1900, 1930, 1960 na ya kumbi za matamasha. Wapiga klarineti wengi huipiga. Piazzolla alifariki 1992, na kazi zake bado zina hakimiliki, kwa hiyo nota zinunuliwe kwa wachapishaji. Tango za zamani ni rahisi kupata: Rosendo Mendizábal, mtunzi wa El Entrerriano, alifariki 1913, na Ángel Villoldo, mtunzi wa El Choclo, 1919. Kazi zao ziko huru, na nota za enzi zao hupatikana bure katika maktaba za mtandaoni.

Karatasi peke yake haitoshi. Tango hutembea kwa mapigo manne makavu, na mpulizaji huyatoa kwa kuugonga mwanzi kwa ulimi, nota fupi na kali, kisha kuiachia melodi ichelewe kidogo nyuma ya mapigo. Sauti za chini za klarineti, nzito na zenye giza, ndizo zinazoukaribia mlio wa bandoneoni, kwa hiyo anayeanza achague El Choclo, aishushe iwezekanavyo, na kabla ya kuipuliza asikilize rekodi za okestra za Argentina za miaka ya 1940.