J Dilla: jamaa aliyeifundisha mashine kupiga kama mtu



Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu anatengeneza biti kwa FL Studio kwenye kompyuta ya kaka yake. Wiki iliyopita kaniletea flashi nimsikilize. Biti kali, sikatai, lakini imenyooka kama rula. Nikamvalisha hedifoni nikamwekea wimbo wa Slum Village. Akasikiliza kama dakika moja hivi, akavua: "Braza, huyu mbona kakosea? Ngoma zinachelewa."

Nikacheka, maana hata mimi mara ya kwanza nilidhani CD imekwaruzika. Na hatuko peke yetu. Katikati ya miaka ya 1990, Questlove, yule mpiga ngoma wa The Roots, alisikia wimbo wa The Pharcyde ukipigwa kwenye shoo, akabaki kashangaa jinsi ngoma kubwa ilivyokuwa inaangukia popote pale. Baadaye alisimulia kwamba ilisikika kama inapigwa na mtoto wa miaka mitatu aliyelewa. Na hapo alikuwa anasifia!

Aliyetengeneza biti ile ni James Dewitt Yancey wa Detroit, Marekani. Wengine walimjua kama Jay Dee, wengine J Dilla. Alifariki tarehe 10 Februari 2006 akiwa na miaka 32, na mpaka leo prodyuza wengi wa hip hop wakiulizwa nani mkali wao, wanamtaja yeye. Cha ajabu, enzi za uhai wake watu wengi walikuwa wanacheza biti zake bila kujua ni zake. Ndiyo maana nimeona tumjadili leo, tangu mwanzo.

Dilla alizaliwa tarehe 7 Februari 1974. Nyumbani kwao muziki ulikuwa kama chakula: mama yake, Maureen, ambaye dunia nzima sasa inamwita Ma Dukes, alisomea uimbaji wa opera, na baba yake, Beverly Dewitt Yancey (ndiyo, Beverly ni mwanaume), alipiga besi na kuimba jazi. Walikaa Conant Gardens, mtaa wa watu weusi upande wa mashariki wa Detroit. Familia inasimulia kwamba akiwa na miaka miwili tu mtoto alikuwa tayari anachezea santuri hadharani. Wenzake wanachezea magari ya kopo, yeye anachezea santuri. Tuendelee.

Shuleni Pershing High akakutana na washkaji wawili, T3 na Baatin, wakaunda kundi la Slum Village. Yeye akawa anachana na pia anatengeneza biti. Mwalimu wake kwenye mashine alikuwa jirani wa mtaani, Amp Fiddler, mpiga kinanda aliyekuwa kwenye bendi ya George Clinton. Amp alikuwa na MPC, ile mashine ya Akai yenye vitufe vikubwa vya mpira: unaingiza vipande vya sauti, unavipiga kwa vidole, yenyewe inakumbuka na kurudia. Amp hakumpa dogo kitabu cha maelekezo. Alimwambia atumie masikio.

Mwaka 1994 Amp alikuwa kwenye ziara ya Lollapalooza na George Clinton, na A Tribe Called Quest nao walikuwemo. Ndipo akamkutanisha Dilla na Q-Tip, na kaseti ya biti ikabadili mkono. Q-Tip alipoisikiliza alichanganyikiwa. Kilichofuata kilikwenda kasi: The Pharcyde wakapata "Runnin'" na "Drop" mwaka 1995, De La Soul wakapata "Stakes Is High" mwaka 1996, na mwaka huohuo A Tribe Called Quest wakatoa Beats, Rhymes and Life, albamu iliyoingia namba moja Marekani. Kijana wa miaka 22, anafanyia kazi chini ya nyumba ya wazazi wake!

Sasa hapa ndipo pana jambo. Kwenye Tribe alifanya kazi kama mmoja wa The Ummah, yaani yeye, Q-Tip na Ali Shaheed Muhammad. Jina hilo ni Kiarabu, ndilo hilohilo neno letu "umma". Wazo lilikuwa zuri, kazi ni ya wote. Lakini jina likiwa la wote, la kwako halionekani. Msikilizaji wa kawaida aliyesoma "The Ummah" kwenye jalada alimfikiria Q-Tip, siyo kijana wa Detroit. Na wale mashabiki wa Tribe waliochukia sauti mpya walijua wamlaumu nani: huyu mgeni! Lawama zilifika upesi, sifa zikachelewa. Mwaka 1997 ikatoka "Got 'til It's Gone" ya Janet Jackson, iliyoandikwa kwa majina ya Janet na maprodyuza wake wa siku zote, Jimmy Jam na Terry Lewis. Dilla alikuwa akisema mkono wake umo, na ubishi huo haujaisha mpaka leo. Mimi sihukumu. Ila ukisikiliza ngoma za ule wimbo utaelewa kwa nini watu wanabishana.

Turudi kwenye swali la dogo. Je, alikosea?

Mashine kama MPC, na hata hiyo FL yako, ina uwezo wa kunyoosha mapigo. Unapiga kwa vidole, umewahi kidogo hapa, umechelewa kidogo pale, yenyewe inavuta kila pigo mpaka kwenye mstari wake. Safi kabisa, kama askari wa gwaride. Watu wengi wanasema Dilla alikuwa anazima tu hicho kitu na kupiga kwa mkono, basi. Ingekuwa rahisi hivyo kila mtu angekuwa Dilla. Mwandishi Dan Charnas, aliyetoa kitabu kizima kuhusu suala hili mwaka 2022, Dilla Time, anaeleza kwamba jamaa alikuwa anaitumia mashine yenyewe kupinda muda. Chukua ile ngoma ya "ka", isogeze mbele kidogo iwahi. Ile ya "dum" iache ichelewe. Zile "tsi tsi tsi" za juu zinyooshe, au zitikise kidogo, lakini si sawa na nyingine. Mashine ya aina hiyo imegawa pigo moja katika vipande 96, na yeye alikuwa anahamisha vitu kwa vipande vichache tu. Sikio lako halisemi "kimechelewa". Linasema tu kwamba kuna mtu hapa.

Kwa hiyo ndani ya biti moja unakuta mwendo wa aina mbili, mmoja umenyooka na mwingine unayumba, vinagombana na vinaelewana. Na hiyo si bahati nasibu, maana lupu inarudi tena na tena na kila kitu kinaangukia palepale. Mlevi hawezi kuyumba vilevile mara arobaini.

Kilichonifurahisha zaidi ni kilichotokea baadaye. Binadamu wakaanza kuiga mashine iliyokuwa inaiga binadamu. Questlove, aliyejivunia kupiga kama saa, ilibidi ajifunze upya kuyumba alipokuwa studio na D'Angelo wakitengeneza Voodoo, iliyotoka mwaka 2000. Siku hizi vijana wa jazi wanaosoma vyuoni wanafanya mazoezi ya kupiga namna hiyo, na kina Robert Glasper wamejenga muziki wao juu yake.

Mwaka huo wa 2000 ndio ulikuwa wake hasa. Alikuwa kwenye kundi la marafiki walioitwa Soulquarians, pamoja na Questlove, D'Angelo na James Poyser. Common akatoa Like Water for Chocolate, na biti nyingi humo ni za Dilla, ikiwemo "The Light" iliyoteuliwa kuwania Grammy. Erykah Badu akapata "Didn't Cha Know". Slum Village wenyewe wakatoa Fantastic, Vol. 2. Mwaka uliofuata Dilla akaachana na kundi, akatoa Welcome 2 Detroit, na humo kaurudia "African Rhythms" wa Oneness of Juju. Hapo ndipo akabadili jina kutoka Jay Dee kuwa J Dilla, kwa sababu watu walikuwa wanamchanganya na Jermaine Dupri, ambaye naye aliitwa JD. Yaani hata herufi mbili alikuwa hana za peke yake!

Na kuchana je? Wengi wanamsahau Dilla wa maiki. Tuseme ukweli, mistari yake haikuwa ya kina. Magari, warembo, hela, na kuwatambia wapinzani. Wale waliomweka kapu moja na kina Common walikuwa wanategemea mashairi ya harakati, wakapata mikufu ya dhahabu. Yeye hilo la kuitwa mrithi wa Tribe halikumfurahisha kabisa. Mimi naona mdomo wake ulikuwa kama ngoma nyingine: silabi inawahi, inachelewa, inagonga pale "ka" ilipoacha nafasi. Sikiliza Champion Sound ya mwaka 2003 aliyofanya na Madlib. Nusu Dilla anachana juu ya biti za Madlib, nusu Madlib anachana juu ya biti za Dilla. Mmoja Detroit, mwingine California, wanatumiana CD.

Kabla ya hapo alikuwa amesaini na kampuni kubwa ya MCA, akarekodi albamu ya kuchana, akichagua kutumia biti za maprodyuza wengine. Kampuni ikaiweka kabatini. Ilikuja kutoka mwaka 2016 kwa jina The Diary, miaka kumi baada ya kifo chake.

Ugonjwa ulianza kumwandama miaka hiyohiyo. Alikuwa na TTP, ugonjwa adimu ambao damu inaganda kwenye mishipa midogo na kuharibu viungo, na baadaye lupusi, ambapo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Mwaka 2004 alihamia Los Angeles, Ma Dukes akaenda kumuuguza. Mwishoni mwa 2005 alifanya ziara ya Ulaya akiwa kwenye kiti cha magurudumu, anapanda jukwaani anachana. Kisha tarehe 7 Februari 2006, siku aliyotimiza miaka 32, ikatoka Donuts: vipande 31, karibu vyote bila mchanaji, vifupi vifupi, vimekatwa kutoka santuri za soul za zamani. Siku tatu baadaye akafariki.

Mtasoma kila mahali kwamba Donuts yote ilitengenezwa kitandani hospitali. Hadithi tamu, na ina chembe ya ukweli: alipelekewa vifaa wodini, na Ma Dukes amesimulia alivyokuwa akimkanda vidole vilivyovimba ili aweze kufanya kazi. Lakini Charnas alipofuatilia alikuta sehemu kubwa ya biti hizo zilikuwa tayari kabla hajalazwa, na Jeff Jank wa kampuni ya Stones Throw ndiye aliyesaidia kuzirefusha na kuzipanga ziwe albamu. Kuna watu walikasirika kuambiwa hivyo. Mimi sioni kilichopungua. Ile hadithi ya kitandani inamfanya Dilla mtu aliyeshukiwa na muujiza kwa sababu anakufa. Ukweli ni kwamba alikuwa fundi anayekaa kwenye mashine kila siku, mzima au mgonjwa, na alikuwa hivyo tangu Conant Gardens.

Baada ya kifo kukawa na machungu mengine. Aliacha mabinti wawili wadogo, na aliacha deni la kodi kwa serikali. Kisheria deni linalipwa kwanza, kwa hiyo mali yake, zikiwemo biti, ikawa chini ya wasimamizi na mahakama, na mama aliyemuuguza akajikuta hana mamlaka juu ya kazi za mwanawe. Miaka ikapita kwenye mivutano hiyo, huku watu wakiuza fulana zenye sura yake mitaani na kanda zake zikizagaa mtandaoni bure. (Ndiyo, na mimi nilipakua. Nakiri.) Mwaka 2014 Ma Dukes alitoa MPC yake na kinanda chake cha Minimoog kwa jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi la Smithsonian, Washington. Viko huko.

Sasa ninyi mnaotaka kuanza. Kama una nusu saa tu ya kafe, sikiliza "Runnin'", halafu "The Light", halafu "Didn't Cha Know", kwa mpangilio huo. Ukiwa na saa nzima, Donuts ina dakika 43 hivi, weka hedifoni, usiruke. Mwenye hoja ya Janet Jackson aje nayo hapo chini, nipo.

Dogo naye jana kanirudia na biti mpya. Kaizungusha "ka" imewahi mno, inasikika kama mtu anayekimbilia daladala. Nimemwambia airudishe nyuma kidogo. Kaondoka anagonga meza kwa vidole.