Hadubini ya Elektroni na Samaki Wagonjwa: Kweli au Si Kweli?

"Samaki akiumwa, hadubini ya elektroni ndiyo kipimo cha kwanza."
Si kweli. Kwanza ni macho: matamvua, mapezi, ini. Vimelea wengi wa kwenye ngozi huonekana kwa hadubini ya kawaida, pale pale bwawani. Ya elektroni ina kazi pale kinachotafutwa kinapokuwa chini ya nanomita 200 hivi, mahali mwanga unaposhindwa. Virusi vingi viko huko.

"Tangu ije PCR, hadubini hii imepitwa na wakati."
Si kweli, na kosa hili ni la gharama. PCR hutafuta vinasaba vinavyojulikana tayari. Kirusi kipya kinaweza kupita bila kugunduliwa. Mwaka 2009 perege walikufa kwa wingi nchini Israel. Watafiti walikuza kisababishi kwenye seli za maabara, na hadubini ya elektroni ikawaonyesha chembe za mviringo zenye utando, nanomita 55 hadi 75. Mwaka 2014 wakakitangaza kirusi ambacho leo tunakiita TiLV. Baadaye vinasaba vyake vilisomwa: vipande kumi, na ni kimoja tu kilichofanana kidogo na cha mafua. Kipimo gani cha PCR kingekuwa tayari kukisubiri?

"Samaki wa kwenye friza anafaa kwa hadubini hii."
Si kweli. Barafu huchana seli. Na aliyekutwa akielea asubuhi kwenye maji ya vuguvugu ameshaanza kuoza. Mfugaji achague anayeyumba lakini bado anapumua. Mara tu anapouawa, kipande cha ini cha milimita moja kitumbukizwe kwenye dawa ya kuhifadhi, glutaraldihaidi. Maabara itakiimarisha kwa osmiamu, itakigandisha ndani ya resini, kisha kisu cha almasi kitakata kipande chembamba cha nanomita 70 hivi, kitakachopakwa chumvi za urani na risasi. Kazi hii huchukua siku kadhaa.

"Haiwezi kutoa jibu siku hiyo hiyo."
Inaweza, kwa njia nyingine iliyo fupi. Tone la majimaji ya sampuli likiwekwa kwenye wavu mdogo wa shaba na kutiwa rangi, virusi huweza kuonekana ndani ya saa moja, ila viwe vingi: takriban milioni moja kwa mililita. Kwa hiyo, kutokuona kitu si uthibitisho kwamba samaki ni mzima. Na umbo hutaja ukoo wa kirusi tu. Jina kamili hutoka kwenye vinasaba.

"PCR ikikuta TiLV, basi samaki anaumwa TiLV."
Si lazima. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kukuta vinasaba vyake kwa sato wa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania na Uganda. Vinasaba peke yake havisemi kama kirusi kinazaliana na kuharibu ini. Hilo huonekana kwa kukikuza kwenye seli na kuangalia ini lenyewe, na ndiyo maana wenye vizimba Mwanza na Jinja wanahitaji sampuli zao zihifadhiwe vizuri tangu ziwani.