Sungura ndani ya lupango: nyama ya nyumbani bila kungoja mshahara

Katika miji yetu ya migodi, iwe Likasi, Kolwezi, Kambove ao Kipushi, watu tulizoezwa kungoja. Wakati wa Union Minière, na miaka ya kwanza ya Gécamines, mfanyakazi alipata posho: bunga, maharagwe, samaki, hata nyama. Mtoto wa kampi alikomaa akijua kwamba chakula kinatoka kwa kompani. Kiisha mambo yakageuka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, shaba ikapunguka sana, mishahara ikaanza kukawia. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Leo makompani mengine yamekuja, malori ya madini yanapita usiku na mchana, lakini katika nyumba nyingi ni bukari na sombe siku sita, na nyama siku ya saba kama iko.

Mtoto anayeshiba bukari tu, tumbo linajaa lakini mwili hauna cha kujengea. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi: njo kwashiorkor, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kivu wanaita bwaki. Kwa sababu hiyo tunataka kuzungumza juu ya mnyama mdogo ambaye hapigi kelele, haombi mahali pakubwa, na anakula majani: sungura.

Wengine watasema: «Aa mama, kalulu ni nyama ya pori, haifugwe!» Hapana. Kalulu wa hadisi za nkambo ni mwingine. Yule wa pori anazaa watoto wenye manyoya na macho wazi. Sungura wa kufuga asili yake ni Ulaya, upande wa Hispania, na watoto wake wanazaliwa uchi na vipofu. Tena kuna jamaa za Kikristo ambazo hazimli kwa ajili ya Walawi 11:6. Wao wasisukumwe na mtu. Kuku na bata wapo.

Tufanye hesabu bila kudanganyana. Jike moja linabeba mimba siku 31 hivi. Ukilipumzisha vizuri, litazaa mara nne kwa mwaka. Tuseme kila mara watoto sita, na wanne wanakomaa. Majike mawili na dume moja yatakupa sungura 32 kwa mwaka, ni kusema wawili ao watatu kila mwezi. Mmoja wa kilo mbili anatoa kama kilo moja ya nyama. Hiyo haitakutajirisha, na anayekuambia utajenga nyumba kwa sungura watatu anataka kukuuzia sungura. Lakini kwa watoto wanaokaa juma mbili bila nyama, ni kitu.

Vijana, kazi ya kizimba ni yenu. Si lazima kununua wavu wa chuma. Nkambo zetu walijua kupasua mianzi na kufunga kwa kamba za magome bila msumari hata moja; kama kuna mzee anayejua bado, mwende mkae karibu naye akiwa hai. Kizimba kisimame juu ya miguu, kimo cha kiuno, mbali na mbwa na panya. Sakafu iwe ya fito za mianzi zilizoachana kidogo, kama unene wa kidole kidogo, ili mavi na mkojo vianguke chini. Sungura anayelala juu ya mavi yake anashikwa na ugonjwa wa kuhara, na watoto wa juma tano mpaka nane njo wanakufa zaidi. Majani pia yasitupwe chini, yafungwe juu ya ukuta wa kizimba. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Katanga ikipiga, fungeni upande wa upepo kwa gunia. Mwezi wa kumi kinyume chake: kivuli na maji mengi, maana jua kali linaua sungura kuliko baridi, na dume aliyechomwa na joto anaweza kukaa majuma bila nguvu ya kuzalisha.

Jike lianze kuzaa likiwa na miezi mitano ao sita, si mbele. Lipelekwe katika kizimba cha dume. Ukimpeleka dume kwake, jike litapigana kwa kulinda mahali pake. Siku ya 27 weka sanduku la mbao lenye majani makavu. Litajinyofoa manyoya ya tumbo na kutandika kitanda.

Hapa njo watu wengi wanaharibu. Mama sungura ananyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi usiku ao asubuhi sana. Wewe unaona mchana kutwa hakaribie sanduku, unasema: «Amewakataa!» Unaanza kuwashika-shika, kumsukumia watoto kwa nguvu, anaogopa, anawakanyaga. Acha. Asubuhi fungua polepole, tazama matumbo: yakiwa ya mviringo, wamenyonya. Aliyekufa umtoe. Kisha funika. Siku ya kumi hivi macho yanafunguka, na juma la tano ao la sita unaweza kuwaachisha.

Chakula kipo karibu: matembele, lengalenga, majani ya lupango, maganda ya mboga, pumba za mahindi kidogo. Majani yenye umande usimpe. Uyatandaze kivulini kwanza mpaka yalegee, ama sivyo tumbo linavimba. Majani mabichi ya muhogo yana sumu; ya avokado, nyanya na viazi vya kizungu pia ni hatari. Mwezi wa nne, mvua ikiwa inaisha na majani yangali mengi, fanyeni kama mama wanavyokausha mboga: kata, kausha kivulini, funga katika magunia. Mwezi wa nane utajua faida yake.

Lakini sisi wa migodi tuna neno letu la pekee. Majani ya kando ya barabara ya malori, ya karibu na kiwanda ao penye mchanga wa madini, yanabeba vumbi. Mwaka 2009 waganga wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Louvain walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo. Vumbi hilo lisiingie tena nyumbani kwa mlango wa kizimba. Mtume mtoto mbali kidogo na barabara, hata akinung'unika. Mahali mbaya hapageuki pazuri kwa kuosha majani tu.

Mavi ya sungura usiyatupe. Yapeleke katika bustani ya lengalenga, na lengalenga itarudi kizimbani.

Wakati wa kununua, chukua majike kwa nyumba moja na dume kwa nyumba ingine, wasiwe ndugu. Tazama ndani ya masikio: ukiona magamba magumu, ni upele, na utaambukiza wote. Pua iwe kavu, meno ya mbele yakutane vizuri. Umpindue uangalie chini ya mkia kama kuna alama za kuhara. Muuzaji akikataza umpindue, umrudishie sungura wake na makuta yako yabaki mfukoni.