Mashine Haibembelezwi, Komredi

Mwaka wa pili, semista ya kwanza, nilikula sufuri ya kati (CAT) na hiyo kati nilikuwa nimeifanya. Skiza.

Saa tano na nusu usiku, bedsita yangu ya Rongai, laptopu ya kuomba beshte. Nikaweka faili kwa potali, nikaiona na macho yangu mawili, jina langu liko hapo, ka-PDF kametulia. Nikafunga laptopu, nikashuka stej kutafuta smokie mbili na kachumbari mob. Wiki mbili baadaye maksi zikatoka: 0/30. Kucheki tena, karibu na ile faili kulikuwa na maneno madogo ya Kingereza yanasema hii ni rasimu, bado haijakabidhiwa. Potali mob za vyuo zimejengwa juu ya Moodle, programu ya bure yenye msee wa Australia, Martin Dougiamas, alitoa 2002, na hapo lec anaweza seti kazi iwe na stepu mbili: unapakia, halafu unabonyeza kitufe kingine cha kukabidhi. Mimi nilikuwa nimeacha mzigo kwa kaunta nikahepa bila kuambia mtu.

Nikaenda ofisini kwa lec na ile sura ya huruma. Komredi akijua kitu moja maishani, anajua kubembeleza. "Daktari, hiyo siku stima ilikuwa imepo..." Hakungoja nimalize. Akageuza skrini ya kompyuta yake. Maze, maisha yangu yote yalikuwa hapo: siku niliingia, dakika niliingia, noti za wiki ya nne zenye sijawahi fungua hata moja.

"Kijana, tangu semista ianze umeingia hii kozi mara sita."

Nikatoka mdogo mdogo.

Hiyo ndiyo rada nilikuwa nimekosa. Darasani unakaa nyuma, beshte anakusainia rejista, lec anakujua kwa sura, na ukichelewa unampata koridoni mnaelewana kama watu. Mtandaoni hakuna koridoni. Kila mbofyo unaandikwa, na wenye unaruka unaonekana kwa vile haupo. Usidhani juu kamera imezimwa na maiki imefungwa basi uko mafichoni.

Halafu kuna hii ya masaa, na hapa sisi waswahili ndio huumia. Dedilaini imeandikwa Jumatatu, 12:00 AM. Kwa kichwa yako hiyo ni saa sita usiku, si ndio? Sasa wewe unatulia Jumatatu mchana yote, unapanga kuandika jioni. Buda, ilifungwa usiku wa kuamkia Jumatatu! Jumapili ukiwa bado unaosha nguo ndio ilikuwa inakata roho. Na kozi za majuu ni noma zaidi. Wakisema saa sita kasorobo ya usiku Los Angeles, hapa Nairobi ni asubuhi ya kesho yake, juu tuko mbele yao masaa kumi, ama kumi na moja wakati kwao ni baridi. Hapo angalau wanakupea usiku wa bure. Lakini soma kwanza ni saa ya wapi imeandikwa, usikisie.

Bando ni stori yake. Darasa la video linaweza meza zaidi ya GB moja kwa saa, na kama unanunua data za mbao mbao, utapotea katikati ya sentensi ya lec. Mimi siku hizi nazima video zinazoingia, nabaki na sauti na slaidi. Kwa Meet na Zoom zote hiyo kitu iko, ni vile watu hawatafutangi. Noti nashusha zote siku moja nikiwa kwa waifai ya laibrari, kwa apu ya Moodle ya simu, nakuja kusoma kejani bila data. Na kama ni mbogi yenu ya disikasheni mnatumia Zoom ya bure, mjue iko na dakika arobaini tu, so ile nusu saa ya kuulizana "mnaniskia?" inakula mkutano.

Stima ikipotea katikati ya kwizi, usianze kupiga nduru. Moodle huhifadhi majibu yenyewe kama kila dakika moja, so ukirudi na hotspoti utayapata penye uliyaacha. Saa ndiyo haikungoji. Hiyo inaendelea kutembea wewe ukitafuta mshumaa. Ndiyo maana huwa nafanya kwizi simu ikiwa imechajiwa hadi mwisho na data ya akiba ya soo moja iko ndani, hata kama waifai inacheza fiti.

Kabla ya kulipia kozi, uliza inakupeleka wapi. Digrii ya mtandaoni hapa kwetu inafaa iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kule Konza, kwa mfano, kilipewa hati yake 2023. Cheti cha wiki sita cha Coursera ni kitu poa kwa sivii, lakini si digrii, na usikubali mtu akuuzie kama digrii. Kama doh ndiyo shida, kozi zao kadhaa ziko na mahali pa kuomba msaada wa ada. Unaandika sababu zako, unangoja siku kadhaa. Wengi wetu hatuombi juu tunadhani ni utapeli.

Kitu moja hunichekesha vibaya. Nimekaa ploti moja na jamaa anaandikia wanafunzi wa majuu esei, usiku kucha, dola zinaingia. Uingereza ilipitisha sheria 2022 ya kufungia hao madalali wa esei, yeye akaendelea tu. Huyo msee hajawahi kosa dedilaini ya mteja wa Manchester. Ya kwake mwenyewe alikosa, akarudia yuniti nzima. Nikamuuliza inawezekanaje. Akaniambia, "Huko wananilipa."

Mimi nimebaki na tabia moja. Nikikabidhi kazi, nangoja ile skrini ya kuthibitisha, napiga skrinshoti yenye saa inaonekana juu, naweka kwa folda inaitwa DAKTARI ONA. Mwezi uliopita potali ilianguka, kazi za darasa zima zikapotea, wasee kwa grupu ya WhatsApp wakaanza kulia. Nikafungua folda, nikamtumia lec picha moja, bila salamu ndefu, bila stori ya stima.

Akajibu baada ya dakika mbili: "Nimeona."