Malappuram: Wilaya ya Malibari Alikotoka Mwenye Fat-hul-Muin

Wengi wetu tuliosoma fiqhi ya Imam Shafii tumekifungua kitabu cha Fat-hul-Muin mbele ya masheikh zetu, tukalipita jina la mtunzi, Sheikh Zainuddin al-Malibari, bila kuuliza hiyo Malibari ni wapi. Wako hata wanaodhani ni mji wa Uarabuni.

Malibari ni pwani ya kusini magharibi ya India, ambayo leo imo katika jimbo la Kerala. Wilaya ya Malappuram iliundwa tarehe 16 Juni 1969 kutokana na sehemu za wilaya za Kozhikode na Palakkad. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 4,112,920, na Waislamu ni kiasi cha asilimia 70. Hao ni Mashafii, ilhali Waislamu wengi wa kaskazini ya India ni Mahanafi. Sababu yake ni bahari. Uislamu uliwafikia kwa Waarabu waliokwenda na pepo za msimu kutafuta pilipili manga, pepo zile zile tunazoziita kaskazi na kusi.

Moyo wa elimu wa wilaya hii ni bandari ya Ponnani, unapoishia mto Bharathappuzha. Hapa lazima tusahihishe kosa linalorudiwa mara kwa mara. Zainuddin ni wawili, babu na mjukuu. Babu alizaliwa Kochi mwaka 1467, akahamia Ponnani, akajenga msikiti mkuu wa ijumaa, na akafariki mwaka 1522. Yeye ndiye mwenye Hidayatul-Adhkiya, utenzi wa tasawufu. Mjukuu ndiye mwenye Fat-hul-Muin, aliyoimaliza mwaka 982 Hijria, nayo ni sharhi ya matni yake mwenyewe, Qurratul-Ain. Alisoma Makka kwa Imam Ibn Hajar al-Haytami. Msomaji atakumbuka kuwa kitabu hiki hakianzi na mlango wa tohara kama vitabu vingi. Kinaanza na swala, na tohara inaelezwa ndani yake kwa kuwa ni sharti ya swala. Hashiya yake mashuhuri, Ianatut-Talibin, iliandikwa na Sayyid Abu Bakr Shata wa Makka katika karne ya 19.

Msikiti wa Ponnani ni wa mbao na vigae, paa juu ya paa, bila kuba wala mnara wa Kiarabu. Mgeni anaweza kudhani ni hekalu la Kihindu, kwa kuwa mafundi na miti ni ya huko huko. Ndani ipo taa ambayo wanafunzi walikuwa wakiizunguka wakisoma.

Mjukuu huyo pia ni mwanahistoria. Katika Tuhfatul-Mujahidin ameeleza uovu wa Wareno tangu kufika kwao mwaka 1498 hadi 1583. Kwetu habari hii si ya mbali: Vasco da Gama alipata rubani Malindi ndipo akavuka kwenda Kozhikode. Wareno waliipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na Ponnani wakaitia moto mwaka 1525.

Wahindu nao wana mahali pao patukufu katika wilaya hii, hasa Thirunavaya, ukingoni mwa mto ule ule, ambako zamani ilifanyika sikukuu ya Mamankam kila baada ya miaka 12. Na katika ziara ya Mamburam, kwenye kaburi la Sayyid Alawi aliyetoka Tarim katika karne ya 18, huonekana Wahindu pia. Masheikh wanahitilafiana juu ya adabu za ziara, na hapa si mahali pake.

Mwanawe, Sayyid Fadhl, Waingereza walimtuhumu kuwachochea wakulima dhidi ya mamwinyi wa ardhi, wakamlazimisha kuondoka mwaka 1852. Aliitawala Dhofar kuanzia 1876 hadi alipoondoshwa mwaka 1879, kisha akafia Istanbul. Mamburam hakurudi tena.